Injini Inalia Tik-Tik: Sikiliza Kabla Haijakufa

Mwezi uliopita vijana wa darasa langu waliniuliza: mwalimu, mbona pikapu kuukuu inayoleta unga inalia tik-tik-tik?

Tulianza na oili. Gari lisimame mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika 10. Chomoa stiki, ipanguse, irudishe, ichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo, ila usipite alama ya juu.

Oili iko sawa na bado inalia? Washa injini, shika bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni. Jihadhari na feni na mikanda, watoto wakae mbali! Mlio ukitoka juu, kwenye mfuniko wa valvu, huenda tapeti zimelegea, fundi ataziseti. Ukiwa mkali injini ikiwa baridi, halafu unapungua ikipata moto, huenda ekzosi inavuja kwenye gasketi. Angalia pia plagi isiwe imelegea.

Lakini ukisikia ngo! ngo! nzito kutoka chini, zima papo hapo. Huenda ni beringi, na ukiendelea injini itavunjika.

Pikapu ile, stiki ilitoka karibu kavu. Kumbe dereva alikuwa anapandisha redio ili asisikie! Tukaongeza oili, mlio ukaisha, unga ukafika. Sasa anatafuta oili inavujia wapi.

Vijana, chombo cha kwanza cha fundi ni sikio, na hilo kila mmoja wetu alikuja nalo.