Dereva Mpya Kwenye Barabara ya Mwendo wa Kasi



Kuna msemo usemao kwamba ajali haina kinga. Msemo huu umewafariji wafiwa wengi, lakini katika mambo ya kazi umetudhuru. Mashine ya kiwandani ikimkata mwenzetu vidole kwa sababu haikuwa na kifuniko, hatukubali msimamizi atuambie kwamba ajali haina kinga. Tunamwuliza kifuniko kilikuwa wapi. Na barabarani ni vivyo hivyo. Ajali nyingi zina kinga, na kinga yenyewe ni ujuzi wa dereva, uzima wa gari, na mapumziko ya kutosha. Makala haya ni ya wenzetu waliopata leseni karibuni, ambao leo au kesho watatumwa na kazi kwenye barabara za mwendo wa kasi.

Wazee wetu wa Vurra, Arua na Koboko walishuka kusini kukata miwa katika mashamba ya Kakira na Lugazi. Walisafirishwa tu, usukani ulikuwa wa mtu mwingine. Siku hizi vijana wengi wa West Nile wanaendesha wenyewe. Barabara ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, yenye kilometa 92, iliwekwa lami katika miaka ya 2010, na wengi wamejifunzia hapo. Ni barabara nzuri, lakini ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mna mbuzi, baiskeli, bodaboda, watoto wa shule na akina mama wanaotoka sokoni. Humo dereva anajifunza kuwa macho na kupunguza mwendo kila wakati. Kisha siku moja anaambiwa, "Mpeleke mgeni uwanja wa ndege Entebbe." Anafika Busega na kukuta barabara ambayo hajaiona tangu azaliwe.

BARABARA HII NI YA NAMNA GANI?

Barabara ya mwendo wa kasi ya Kampala hadi Entebbe ilifunguliwa mwezi wa Juni 2018. Pamoja na tawi lake la Munyonyo, ina urefu wa kilometa 51. Ina njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, zimetengwa katikati, na hakuna gari linalokuja mbele yako. Hakuna njia panda. Barabara nyingine hupita juu au chini yake. Waenda kwa miguu, baiskeli na bodaboda za kawaida hawaruhusiwi. Tangu Januari 2022 hupitwa kwa kulipa. Ada ilipoanza, gari dogo lilitozwa shilingi 5,000. Jirani zetu wa Kenya nao walifungua barabara ya namna hii jijini Nairobi mwaka 2022, kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilometa 27.

Mtu atasema, "Kama hakuna mbuzi wala bodaboda, basi hapo ni salama." Ni kweli kwamba magari hayagongani uso kwa uso kwa urahisi. Lakini hatari haikuondoka, imebadili sura tu. Kwenye barabara ya kijijini makosa ni mengi, ila mara nyingi mwendo ni mdogo na mtu huponea chupuchupu. Kwenye barabara ya kasi kosa ni moja tu, na halina nafasi ya pili.

HESABU YA KUSIMAMA

Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa linapita mita 14 kila sekunde. Dereva akiona hatari, hupita kama sekunde nzima kabla mguu haujakanyaga breki. Tayari zimekwenda mita 14. Baada ya hapo, kwenye lami kavu na breki nzuri, gari dogo linahitaji mita kama 14 nyingine. Jumla ni mita 28.

Sasa ongeza mwendo uwe kilometa 100, ambao ndio kikomo cha barabara ya Entebbe. Sekunde ile moja inakula mita 28. Breki nazo hazitaki mara mbili, zinataka mara nne, yaani mita 56. Jumla ni mita 84, karibu urefu wa kiwanja cha mpira. Mvua ikinyesha, au gari likiwa limebeba mzigo, au tairi likiwa limeisha meno, mita hizo zinazidi sana.

Kwa hiyo usilifuate gari la mbele kama mkia. Njia ya kupima ni rahisi. Chagua kitu kilichosimama, kama nguzo au kibao. Gari la mbele likikipita, anza kuhesabu pole pole: elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Ukikifikia kabla ya kumaliza, umekaribia mno. Wakati wa mvua hesabu hadi nne. Mwingine akijipenyeza katika nafasi uliyoiacha, usikasirike. Legeza mguu, uifanye nafasi nyingine. Hujapoteza hata dakika moja.

KUINGIA NA KUPITA

Kosa la kwanza la dereva mpya hutokea mlangoni. Anafika penye njia ya kuingilia, anaona magari yanakwenda kasi, anaogopa na kusimama. Aliye nyuma hakutegemea hivyo, anamgonga. Njia ile ndefu ya kuingilia imewekwa ili uongeze mwendo hadi ulingane na wale waliomo. Toa ishara ya taa, tazama kioo, geuza kichwa utazame kwa macho yako pia, kisha ingia katika nafasi iliyopo. Waliomo ndio wenye haki ya njia, wewe ndiwe mgeni.

Ukisha ingia, kaa njia ya kushoto. Njia ya kulia ni ya kupitia, si ya kutembelea. Wapo wanaokaa kulia kwa mwendo wa konokono, hata wenye haraka wanalazimika kuwapita kushoto, mahali ambapo hapakutegemewa mtu. Pita kulia, maliza, rudi kushoto. Na kabla ya kuhama njia, fuata mpango huu bila kuacha hata kimoja: kioo, ishara, kichwa, ndipo usukani.

Hapa sisi wa Vurra tuna somo letu wenyewe. Uganda tunaendesha upande wa kushoto. Ukivuka forodha ya Vurra kuingia Kongo, au ukivuka Oraba kuingia Sudan Kusini, unahamia kulia. Dereva anayevuka asubuhi na kurudi jioni anaweza kusahau, hasa barabara ikiwa tupu na hakuna gari la kumkumbusha. Watu wameuawa na usahaulifu huo. Weka alama mbele yako, hata kitambaa chekundu kwenye dirisha, uiondoe ukirudi nyumbani.

Lakini liko jambo jingine linalosahauliwa zaidi. Malori mengi yanayotoka nchi hizo yana usukani upande wa kushoto, na yanashuka hadi Kampala. Lori kama hilo likiwa njia ya kushoto, wewe unalipita upande wa kulia, yaani upande ambao dereva wake hakuketi. Upande huo vioo vyake havionyeshi kila kitu. Unaweza kuwa ubavuni mwake naye hajui kama upo, akahama njia na kukubana kwenye ukingo. Basi ukiona lori la usukani wa kushoto, usitembee sambamba nalo. Subiri nyuma mpaka njia iwe wazi, kisha lipite moja kwa moja. Kanuni ya kukumbuka ni hii: usipoweza kuuona uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni wewe.

KUTOKA NA KULIPA

Mtu akikaa nusu saa katika mwendo wa kilometa 100, macho huzoea. Akipunguza hadi 60 anaona kama anatembea kwa miguu. Ndiyo sababu magari huingia kwa kasi katika kona za kutokea na katika vituo vya kulipia. Mwezi wa Mei 2022, muda mfupi baada ya barabara ya Nairobi kuanza kutumika kwa majaribio, gari lilivamia kituo cha kulipia pale Mlolongo. Kwa hiyo ukitoka usiamini hisia zako, tazama mshale wa mwendo. Andaa fedha kabla ya safari, si wakati wa kukaribia kizuizi huku mkono mmoja ukipapasa mfukoni.

Na ukipitwa na njia ya kutokea, imekupita. Endelea mpaka ya mbele. Usirudi nyuma, usigeuze, usisimame kuuliza. Kupotea kilometa kumi ni hasara ya mafuta. Kurudi nyuma kwenye barabara ya kasi ni hasara ya watu.

GARI LIKIHARIBIKA

Washa taa zote za tahadhari, peleka gari kushoto kabisa, nje ya njia. Watu wote washuke kwa mlango wa kushoto, wavuke ukingo wa chuma na kukaa mbali na magari. Asibaki mtu ndani, wala asisimame mtu nyuma ya gari. Ukiweza kufanya hivyo kwa usalama, weka pembetatu ya tahadhari hatua mia moja au zaidi nyuma ya gari, ukitembea nje ya ukingo. Kisha piga simu ya msaada. Ya polisi ni 999 au 112. Usilale chini ya gari kutengeneza. Fundi hodari aliyegongwa hamtengenezei mtu gari.

Njia bora ni gari lisiharibike. Kabla ya kuondoka tazama maji, mafuta, breki, taa na tairi. Tairi lililochubuliwa na mawe ya murramu linaweza kuvumilia mwendo wa shambani miezi mingi. Likipelekwa kilometa 100 kwa saa juani, hasa likiwa na upepo mdogo, hupata moto na kupasuka. Likipasuka usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, legeza mafuta, acha gari lipungue lenyewe, ndipo uliongoze pembeni.

USINGIZI NA HAKI YA DEREVA

Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilometa 500. Dereva wetu anavuka Nile pale Pakwach, anapita ukingoni mwa mbuga ambako tembo na nyani huvuka barabara, anavuka tena Karuma, na ndipo aanze safari ndefu ya kushuka. Anafika barabara ya Entebbe akiwa amechoka, na hapo barabara imenyooka, haina matuta wala kelele. Barabara ya namna hiyo inambembeleza mtu alale. Kupiga miayo, kusahau kilometa chache ulizopita, gari kugusa mstari: hizo ni dalili. Kufungua dirisha hakutibu usingizi, wala redio haiutibu. Dawa ya usingizi ni kulala. Toka barabarani, tafuta mahali salama, lala hata dakika ishirini. Katika nchi za Ulaya, sheria inamtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Hicho ni kipimo kizuri hata kwetu.

Ndugu, hapa ndipo chama kinapohusika. Dereva aliyefanya kazi ya usiku kiwandani asikubali kuamriwa kushika usukani asubuhi kwenda Entebbe. Mwenye leseni ya daraja B asikubali kuendesha lori zito eti kwa sababu dereva wake ni mgonjwa. Likitokea la kutokea, yeye ndiye atakayesimama mahakamani, si msimamizi. Wafanyakazi wasipandishwe juu ya mzigo kama magunia. Na gari lenye tairi bovu liandikiwe ripoti, nakala moja abaki nayo mfanyakazi.

Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 inamlinda aliyeumia kazini, na dereva aliyetumwa yuko kazini hata kama yuko mbali na lango la kiwanda. Akiumia, mwajiri aarifiwe mara moja kwa maandishi, na mwakilishi wa chama naye ajue siku hiyo hiyo. Msingoje mpaka jeraha lipone na ushahidi upotee.

Lakini msikatae peke yenu mmoja mmoja, kwa maana mmoja hufukuzwa. Lileteni jambo tawini, lizungumzwe, lipelekwe kwa mwajiri kama dai la wote. Dai lenyewe si kubwa: gari zima, leseni halali, na dereva aliyelala. Mwajiri mwenye busara ataona kwamba hayo ni nafuu kuliko gari moja lililopinduka.

Mgeni akichelewa ndege, atapanda nyingine. Watoto wa dereva hawana baba mwingine. Mwenda pole hajikwai, na barabarani mwenda pole ni yule anayekwenda kwa mwendo ulioandikwa, akaacha nafasi mbele yake, na akajua wakati wa kusimama.

Umoja ni nguvu. Safari njema.