Tusome Ubavu wa Tairi Kabla ya Kusoma Bei

Mwalimu wa isimu anapochukua kalamu kuandika juu ya matairi ya magari, yamkini wapo watakaosema kwamba ameingilia kazi ya mafundi wa gereji. Siwalaumu. Hata hivyo, naomba tusikizane kidogo, kwa kuwa jambo ninalotaka kulizungumzia ni usomaji, na usomaji ndio kazi yetu sote, walimu na wanafunzi.

Tairi ni maandishi. Ubavuni mwake, kiwanda kimechapa waraka mfupi wenye herufi na tarakimu unaoeleza upana wake, kimo chake, mzigo linaoweza kubeba, mwendo linaoweza kuhimili na juma lililotengenezwa. Waraka huo haufutiki kwa matope wala kwa maji ya mvua. La kusikitisha ni kwamba wengi wetu hatuusomi. Tunasoma bei, tunasoma jina la kampuni, tunatazama weusi unaong'aa, kisha tunatoa pesa. Hoja yangu leo ni hii: mtu mwenye kipato cha mwalimu hahitaji tairi la bei ya juu kabisa, wala hana sababu ya kuhatarisha maisha kwa tairi la bei ya chini kabisa. Tairi la daraja la kati lamtosha, maadamu anajua kulisoma.

Wanaoijua Rarieda wanaifahamu barabara inayoachana na ile ya Bondo pale Ndori, ikapita Madiany na kuishia ziwani Luanda Kotieno. Hapo magari hungojea feri ya kuvuka hadi Mbita, ili yaepuke safari ndefu ya kulizunguka Ghuba la Winam kupitia Ahero, Kendu Bay na Homa Bay. Nipitiapo huko, muda wa kuingojea feri huutumia kusoma matairi ya magari yaliyo foleni. Nimeona gari moja lenye matairi manne ya majina manne na marika manne. Nimeona tairi ambalo kwa nje lina meno mazuri, lakini ukiinama ukatazama upande wa ndani unakuta kipara kitupu. Nimeona pia matairi yaliyokwisha kabisa, kisha mtu mwenye kisu cha moto akayachonga mifereji mipya, akala mpira uliobaki kuukinga uzi wa ndani. Na magari hayo hayakuwa matupu. Yalijaa akina mama wa samaki, wanafunzi wenye masanduku ya shule, na walimu waliokuwa wakirejea vituoni mwao. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani za mwaka 2023 zilionyesha kwamba zaidi ya watu 4,000 waliuawa katika barabara za Kenya mwaka huo. Sidai kwamba wote waliuawa na matairi. Nasema tu kwamba gari zima, pamoja na roho zilizomo, hugusa barabara kwa sehemu nne ambazo kila moja haizidi sana ukubwa wa kiganja.

Natuusome basi waraka huo pamoja. Chukua mfano wa tairi lililoandikwa 175/70 R14 84S. Tarakimu 175 ni upana kwa milimita. Tarakimu 70 si milimita, bali ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana, yaani milimita 122.5. Herufi R watu wengi huidhania kuwa kipimo cha nusu kipenyo. Sivyo. Inaeleza namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, zikikatiza kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, mpangilio ambao kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliusajili mwaka 1946 na ambao sasa ndio wa kawaida katika magari madogo. Tarakimu 14 ni kipenyo cha rimu, na hiki hupimwa kwa inchi. Tazama basi ajabu ya lugha hii: katika mstari mmoja pana milimita, asilimia na inchi, mithili ya mtu anayechanganya lahaja tatu katika sentensi moja. Si ajabu wasomaji wanapotea.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ndiyo yenye uzito. Herufi S yamaanisha kwamba tairi limejengwa kuhimili mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa. T ni 190, H ni 210, na V ni 240. Tarakimu 84 si kilo 84, bali ni nambari ya jedwali, na katika jedwali hilo 84 husimamia kilo 500. Matairi manne basi hubeba kilo 2,000. Sasa tufanye hesabu ya foleni ya feri. Gari dogo lenye uzito wa kilo 1,150 limepakia watu wazima tisa wa kilo 70 kila mmoja, nao ni kilo 630. Juu yake kuna mizigo ya kilo 250. Jumla ni kilo 2,030. Matairi yameshazidiwa, hata kama ni mapya na hata kama mzigo umegawanywa sawasawa, nao haugawanywi sawasawa kamwe, kwa sababu uzito mwingi hulalia nyuma. Mhubiri hahitaji kutuambia kitakachofuata tairi kama hilo likikutana na shimo kwa mwendo wa kasi.

Kisha kuna tarehe. Karibu na herufi DOT, mwishoni mwa mfululizo wa herufi na tarakimu, tafuta tarakimu nne za mwisho, aghalabu zikiwa ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Mwishoni mwa mwaka 2024 mwalimu mwenzangu aliniomba nimsindikize kununua matairi katika mji mmoja wa kando ya ziwa. Muuzaji alimwonyesha matairi manne ya mitumba, yamepakwa rangi nyeusi hadi yakameremeta.

"Japuonj, haya ni ya Japani," alisema. "Hayafi leo wala kesho."

Niliinama nikasoma tarakimu 3114.

"Ndugu yangu," nilimwambia, "haya yalitengenezwa juma la 31 la mwaka 2014. Yana zaidi ya miaka kumi."

"Lakini mwalimu, tazama meno yake! Hayajatumika!"

Meno yalikuwapo kweli. Lakini mpira huzeeka hata usipotembea. Hewa, joto na jua huukausha, ukapoteza mnyumbuko wake, ukaanza kupasuka nyufa ndogo ndogo. Kampuni kubwa za matairi zenyewe hushauri kwamba tairi lililotimiza miaka kumi tangu litengenezwe liondolewe hata kama linaonekana zima, na baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri miaka sita. Wanunuzi wa magari yaliyotumika nchini Kenya wazingatie hili pia. Sheria inaruhusu gari la hadi miaka minane kuingia, na huenda matairi yaliyokuja nalo yana umri sawa na wake.

Msomaji atauliza: je, jina la kampuni halina maana? Lina maana, ila si ile tunayoidhania. Watu wa rika langu tulikua tukiliona jina la Firestone kila mahali, kwa sababu kampuni ya Firestone East Africa ilianzishwa Nairobi mwaka 1969. Baadaye kampuni ikaitwa Sameer Africa, tairi lake likajulikana kwa jina la Yana, na mwaka 2016 kiwanda cha Nairobi kikafungwa. Firestone yenyewe ya Marekani ilikuwa imenunuliwa na Bridgestone ya Japani tangu mwaka 1988. Michelin inamiliki BFGoodrich na Kleber. Continental ya Ujerumani inamiliki Barum na Semperit. Maana yake ni kwamba jina la daraja la kati mara nyingi ni mtoto wa nyumba kubwa, amelelewa na wahandisi wale wale, ila hakuvishwa mavazi ya sikukuu. Zaidi ya hao wako Hankook na Kumho wa Korea Kusini, Apollo wa India na Maxxis wa Taiwan, ambao wengi huwaweka katika daraja hilo hilo. Jina ni alama, na alama hupata maana kutokana na kile inachosimamia. Jina kubwa juu ya tairi la miaka kumi halisimamii chochote.

Hebu tulete hesabu ubaoni. Hizi si bei za duka lolote, bali ni mfano wa darasani. Tuseme tairi la mitumba ni shilingi 3,500 nalo litakwenda kilomita 10,000. La daraja la kati ni shilingi 8,000 nalo litakwenda kilomita 40,000. La daraja la juu ni shilingi 16,000 nalo litakwenda kilomita 60,000. Gawanya. La mitumba linakugharimu senti 35 kwa kila kilomita, la kati senti 20, na la juu karibu senti 27. Aliyedhani ameokoa pesa ndiye aliyelipa zaidi. Mwanafunzi aweke bei za mjini kwake ajionee mwenyewe jibu linavyobadilika.

Je, pesa za ziada za daraja la juu hununua nini? Hununua utulivu, starehe, na uthabiti katika mwendo ambao sheria zetu haziuruhusu, kwani kikomo cha gari dogo katika barabara kuu ni kilomita 110 kwa saa. Usishuke chini ya herufi na tarakimu zilizotajwa na mtengenezaji wa gari lako, lakini huna deni la kupanda juu yake. Jambo moja tu lisipunguzwe kwa ajili ya bei, nalo ni uwezo wa tairi kushika barabara yenye maji. Mvua za alasiri zitokazo ziwani hazibishi hodi. Baadhi ya matairi huandikwa ubavuni daraja la kushika lami iliyolowa kwa neno Traction likifuatwa na AA, A, B au C. AA ndiyo bora, C ndiyo ya mwisho. Ukipata A kwa bei ya kati, umepata tairi.

Najua pingamizi litakalotolewa na walimu wenzangu: hati ya mshahara ikishakatwa mkopo wa Sacco na karo za watoto, haibakishi matairi manne. Ni kweli. Basi nunua mawili mapya ya daraja la kati badala ya manne ya mitumba, yafanane, uyafunge kwenye ekseli moja. Na hapa fundi atakwambia yafungwe mbele. Mwombe ayafunge nyuma, hata kama gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele. Matairi ya mbele yakiteleza kwenye maji, dereva huhisi usukani na kupunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari huzunguka kabla hajajua la kufanya. Ndivyo kampuni za matairi zinavyoshauri. Yale yaliyobaki mbele nayo yawe bado na meno: katika mifereji kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, na meno yakilingana navyo, tairi limekwisha. Upepo nao utiwe kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kipimo cha presha kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu kabisa, si kipimo cha kutumia kila siku.

Lugha yetu haikosi maneno ya mambo haya. Tunayo tairi, rimu, pancha na jaki. Tairi lililokwisha tumelipa kipara kama mzee, na likishindwa kabisa tunalikata tukapata akala za kuvaa miguuni. Neno si tatizo. Tatizo ni kwamba tumewaachia wauzaji kazi ya kutusomea. Mtaala wetu sasa unatilia mkazo umilisi, yaani kujua kutenda na si kukariri tu. Basi mwalimu wa hisabati awatoe wanafunzi hadi kwenye gari lililoegeshwa chini ya mwembe, wapate asilimia na kipenyo. Mwalimu wa sayansi aeleze kwa nini mpira hupasuka nyufa. Mwalimu wa Kiswahili awaagize waandike maelezo ya ubavu wa tairi kwa lugha ambayo mama wa samaki anaweza kuielewa, kwa sababu yeye pia hupanda gari hilo na ana haki ya kujua limesimama juu ya nini.

Kijana aliyesomeshwa hivyo atakuwa abiria mgumu. Atainama kabla ya kupanda, atasoma tarakimu nne, na pengine atakataa kuingia. Huyo ndiye msomi ambaye barabara zetu zinamhitaji.