Tairi Lililogonga Ukingo: Jeraha la Ndani Lisifichwe

Kwa miaka mingi msafiri wa Bonde la Kilombero alimjua adui wa matairi yake kwa sura. Masika adui huyo alikuwa tope. Kiangazi alikuwa mashimo, mawe na vumbi. Leo hali imebadilika. Daraja la Magufuli lenye urefu wa meta 384, lililofunguliwa mwaka 2018, linamvusha mtu Mto Kilombero akielekea Lupiro na Mahenge pasipo kusubiri kivuko, na safari ya kutoka Kidatu hadi Ifakara, takriban kilometa 67, sasa ni ya lami. Hizi ni neema zinazostahiki shukrani. Lakini kila neema ina adabu zake, na barabara mpya zimekuja na kitu ambacho madereva wengi wa huku hawakukizoea: ukingo wa zege uliosimama pembeni ya njia, madarajani, vituoni na katika maegesho ya mjini.

Dereva akiingia katika shimo, abiria wote hushtuka na kila mtu hujua kwamba gari limeumia. Akigusa ukingo wakati wa kuegesha au wakati wa kumpisha bodaboda, husikika kishindo kidogo tu, gari likasogea, na safari ikaendelea. Kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto, magurudumu ya kushoto ndiyo hupata dhoruba hiyo zaidi, nayo yako mbali na macho ya dereva. Madhara yake yaweza kukaa siku au majuma kabla ya kujitokeza. Kwa sababu hiyo nimeona jambo hili, ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, lizungumzwe katika ukurasa wa familia.

Ndugu msomaji, ili tufahamu hatari hii yatupasa kulijua tairi lenyewe. Sehemu inayokanyaga barabara, yenye kashata, ni nene na chini ya mpira wake hupita mikanda ya waya za chuma. Ubavu wa tairi si hivyo. Ubavu ni mwembamba, umetengenezwa ili ukunjuke na kurudi, na nguvu yake yote imo katika nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira. Gurudumu linapogonga ukingo kwa kishindo, ubavu hubanwa baina ya zege na rimu kama kidole kilichobanwa mlangoni. Mpira wa nje waweza kubaki mzima ilhali nyuzi za ndani zimekatika. Hapo upepo hupata mahali dhaifu pa kusukumia, na baada ya muda huonekana uvimbe kama yai ubavuni. Uvimbe huo una maana moja tu: kilichokuwa kikilishikilia tairi hakipo tena.

Tazama sasa mazingira yetu. Joto la bondeni ni kali, na joto hudhoofisha mpira uliokwisha kujeruhiwa. Msimu wa mavuno ya mpunga, gari lililoundwa kubeba watu saba hubeba watu tisa na magunia juu yake. Kisha dereva anayetoka Ifakara hadi Mikumi hukuta lami nyoofu inayomshawishi aongeze mwendo. Joto, mzigo na mwendo vikikutana juu ya tairi lenye nyuzi zilizokatika, tairi hilo laweza kupasuka ghafla, na likiwa la mbele usukani humponyoka dereva.

Katika msikiti wetu lipo gari dogo la abiria lililotolewa wakfu kwa ajili ya mazishi, wagonjwa na safari za wanafunzi wa madrasa. Siku moja kijana anayejitolea kuliendesha aligonga ukingo alipokuwa akiegesha, akaangalia haraka, hakuona kitu, akanyamaza. Siku ya tano, tulipokuwa tukijiandaa kwenda kuzika Mang'ula, mzee mmoja aliyeinama kuokota kofia yake aliona uvimbe katika ubavu wa ndani wa tairi la mbele. Akina mama walikuwa wamekwisha kuketi garini. Tairi lilibadilishwa, mazishi yakawahiwa, na hakuna aliyedhurika. Kijana alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwa unyenyekevu: aliogopa kwamba kamati ingemdai tairi jipya, naye hana kazi ya kudumu.

Jibu hilo linatufunza kuwa tairi huharibiwa na ukingo, lakini maisha ya watu huhatarishwa na ukimya. Basi tuseme mambo mawili: kwanza dereva afanye nini, na pili gharama ni ya nani, kwani wasiojua hili la pili ndio huficha lile la kwanza.

Dereva akigonga ukingo, asiendelee na safari kwa kuitegemea bahati. Asimame mahali tambarare na salama, mbali na kona, awashe taa za tahadhari na kuweka pembetatu nyuma ya gari. Alitazame tairi ubavu wa nje, kisha apeleke mkono taratibu, gari likiwa limezimwa, apapase ubavu wa ndani. Anatafuta mambo manne: mpasuko, uvimbe, mahali nyuzi zinapoonekana, na rimu iliyopinda au kuwa na ufa. Akiona mojawapo, afunge tairi la akiba. Nati zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini, ndipo jeki ipandishwe. Na wakati wa kukaza, akaze kwa kukingamisha, nati moja kisha iliyo mkabala wake, ili gurudumu likae sawa. Baada ya mwendo wa kilometa 50 hadi 100 akaze tena. Ikiwa tairi la akiba ni lile jembamba linalokuja na magari mengi madogo, ajue kwamba ni la kumfikisha kwa fundi, si la kumfikisha Dar es Salaam. Mengi huandikwa ubavuni kuwa yasizidi mwendo wa kilometa 80 kwa saa.

Asipoona kitu, bado asijihakikishie. Apime upepo siku hiyo na siku inayofuata. Tairi likipungua bila pancha, yamkini rimu imepinda na upepo unavujia ukingoni mwake; maji ya sabuni yakipakwa hapo yatatoa mapovu. Usukani ukiwa umekaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, au gari likivuta upande mmoja, ni alama kwamba vyuma vya usukani vimepinda, na gari linahitaji kupimwa alaimenti. Gari likitetemeka kwa mwendo wa kasi, rimu na balansi vichunguzwe. Kupuuza alama hizi ni kulila tairi zima upande mmoja kabla ya wakati wake.

Fundi naye ana mipaka. Msumari uliochoma katikati ya kashata huzibwa, na tairi likaendelea kutumika. Jeraha la ubavuni halizibwi. Wapo wanaoshona ubavu kwa uzi, wapo wanaobandika kiraka kwa ndani, na wapo wanaotia tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu ili lisipoteze upepo. Kazi hizo huzuia upepo usitoke, lakini hazirudishi nyuzi zilizokatika. Rimu ya chuma iliyopinda kidogo yaweza kunyooshwa na fundi mzoefu. Rimu ya aloi iliyopata ufa ni bora ibadilishwe kuliko kuchomelewa, kwa kuwa ufa wake huweza kurudi ukiwa barabarani.

Tunajua kwamba tairi jipya ni mzigo kwa familia nyingi, na kwamba wengi hununua yaliyotumika. Anunuaye alikague ndani na nje kabla ya kufungwa, aulize kama limeshonwa, ahakikishe vipimo vilivyoandikwa ubavuni vinalingana na vya gari lake, na asome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Tarakimu 2319, kwa mfano, humaanisha juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa limezeeka, na mpira mzee hukakamaa na kupasuka.

Sasa tuje kwenye gharama. Wanazuoni wametofautisha baina ya mkono wa amana na mkono wa dhamana. Aliyepewa gari alitumie kwa niaba ya mwenyewe, kama dereva wa kuajiriwa au yule kijana wa kamati, mkono wake ni wa amana. Halipi kilichoharibika isipokuwa amevuka mipaka au amezembea, mathalani amekwenda mwendo wa kasi mno au amelitumia kwa safari asiyoruhusiwa. Aliyekodi gari kwa ujira naye yuko katika hukumu hiyo. Ama aliyeazimwa bure kwa manufaa yake mwenyewe, kama bwana arusi aliyechukua gari la mjomba, katika madhehebu ya Imamu Shafii yeye ni mdhamini: halipi uchakavu uliotokana na matumizi aliyoruhusiwa, lakini kugonga ukingo si uchakavu, basi atalipa. Na kinacholipwa ni thamani ya kitu kwa hali kilivyokuwa siku kilipoharibika. Tairi lililokwisha nusu ya maisha yake halidaiwi kwa bei ya jipya, na mwenye gari akisamehe amefanya wema. Palipo na mzozo, watu wawaendee masheikh wao.

Lau elimu hii ingekuwa imeenea, kijana yule asingekuwa na sababu ya kunyamaza. Alikuwa hadaiwi kwa kugonga kulikotokea bila ya uzembe. Lakini mtu wa amana anayejua kasoro kisha akaificha, hali yake si ile ya mwanzo tena, maana sasa ameacha kuwalinda waliomwamini. Kwa hiyo kamati yetu imeweka daftari ndani ya gari. Kila anayelirudisha huandika tarehe, safari aliyokwenda na lolote lililotokea, hata kishindo kidogo, na imeamuliwa kwamba aliyeandika kwa ukweli hatakaripiwa. Tunazinasihi kamati nyingine, na familia zenye gari moja linalotumiwa na ndugu wengi, zifanye mfano wa hayo.

Hukumu ya muuzaji iko wazi zaidi. Watu wa Kilombero ni watu wa mpunga, nao wanakijua vyema kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka na kukuta unyevu chini ya ukavu wa juu. Alimkemea mwenye nafaka kwa kutoiweka ile iliyolowa mahali watu wakaiona. Mwenye kuuza tairi lililoshonwa ubavu, akaligeuza ili mshono uelekee ndani, amefanya jambo la aina ile ile, na lake ni zito zaidi, kwa sababu nafaka iliyolowa humpotezea mnunuzi mali, ilhali tairi bovu laweza kumpotezea watoto. Isitoshe, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haimruhusu mtu kuendesha barabarani gari bovu lenye kuhatarisha wengine.

Haya si ya madereva peke yao. Mama anayempakia mtoto anaweza kulizunguka gari na kutazama matairi manne, jambo lisilochukua hata dakika mbili. Kijana anaweza kufundishwa kupima upepo tairi likiwa la baridi, kabla ya safari, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Abiria wa daladala aliyeona uvimbe amwambie kondakta kwa adabu, na kondakta asimwone mkorofi. Na mzee wa nyumba, kijana wake anapokuja kumwambia, "Baba, nimegonga ukingo," aanze kwa kumshukuru kwa kusema, ndipo waende pamoja kulitazama tairi. Mtoto aliyepokewa kwa matusi siku ya kwanza hatasema siku ya pili.

Mwenyezi Mungu azibariki njia zetu mpya, awahifadhi wanaozipita, na atujaalie kuwa waaminifu katika vyombo tunavyovipanda na roho tunazozibeba. Amin.