Mzazi anaposhikwa na sonona, asiachwe peke yake

Mwanamke anapojifungua, wageni huuliza uzito wa mtoto, jina lake na siku ya akika. Ni wachache wanaomuuliza mzazi mwenyewe: wewe unajisikiaje?

Lipo tatizo liitwalo sonona, yaani huzuni nzito inayoushika moyo na kuondoa nguvu za mwili. Humpata mwanamke akiwa mjamzito au baada ya kujifungua. Dalili zake ni kukosa raha kwa kila jambo, kulia, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kutotaka kula na kujiona hafai. Kulia-lia katika siku chache za mwanzo ni jambo la kawaida na hupita. Lakini hali hiyo ikifika wiki mbili, huo ni ugonjwa. Si uvivu wala si kudeka, na tusikimbilie kusema ni jini.

Watafiti wakiongozwa na Dk. Atif Rahman waliwachunguza wanawake wa vijijini karibu na mji wa Rawalpindi, Pakistan. Matokeo ya mwaka 2003 yalionyesha kuwa takriban mmoja kati ya kila wanne alikuwa na sonona. Waliougua zaidi ni wale waliopatwa na misukosuko mizito na wenye uhusiano mbaya na jamaa zao. Aliyekuwa na mtu wa kumweleza siri zake alikuwa na kinga.

Je, inatibika? Mwaka 2008 watafiti hao walitoa matokeo mengine kutoka kata 40 za eneo hilo. Wajawazito 903 wenye sonona waligawanywa makundi mawili. Wote walitembelewa nyumbani mara 16 na wahudumu wa afya wa vijijini, ambao si madaktari. Tofauti ni kwamba wahudumu wa kundi moja walifundishwa namna ya kumsikiliza mama, kumsaidia kuyatambua mawazo yanayomvunja moyo na kuyabadili, na kuishirikisha familia.

Mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona katika kundi hilo walikuwa asilimia 23. Kundi la pili walikuwa asilimia 53. Hata watoto walinufaika: waliharisha kwa uchache na wengi zaidi walikamilisha chanjo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo.

Sasa turudi majumbani mwetu. Mume, mama mkwe na mawifi, katika zile siku arobaini mpokeeni mzazi mtoto apate kulala. Msikilizeni bila kumkemea wala kumlinganisha na wengine. Akifika kliniki, aeleze hali yake kwa muuguzi kama anavyoeleza homa. Zipo dawa anazoweza kutumia akiwa ananyonyesha. Asiziache bila kumuuliza daktari.

Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akisikia sauti zisizokuwepo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake na mtoto hata kidogo.

Kumsomea Qur'an na kumwombea dua ni jambo jema, na halizuii matibabu. Kutafuta tiba ni mafundisho ya dini yetu. Basi leo, kabla hujambeba mtoto, muulize kwanza mama yake hali.