Kabla ya kumlaumu mwenzako kwa tokeni kuisha, hebu angalia darini

UMEWAHI kununua tokeni za Sh1,000 Jumatatu, halafu kufikia Jumanne ya wiki inayofuata mita inalia? Na je, umewahi kumtazama mnayeishi naye kwa jicho la pembeni ukijiuliza anapika nini usiku huku nyinyi mmelala?

Basi wewe ni mwenzangu. Kaa nikwambie yaliyotupata, kisha nikuonyeshe jinsi ya kuyaepuka.

Tuko watatu, tunakodisha nyumba ya zamani South C. Sote tuna kazi za kuungaunga, kwa hivyo tunachanga kila kitu: kodi, gesi, maji na stima. Mmoja wetu hufanya kazi ya mtandaoni usiku kwa sababu wateja wake wako Marekani. Tokeni zilipoanza kuisha kwa kasi, wawili tuliosalia tulikubaliana haraka sana kwamba mkosaji ni laptopu yake. Tukamwambia awe anaongeza Sh500 kila mwezi. Akaongeza, lakini salamu zikapungua. Mwezi wa nne alianza kutafuta bedsita Rongai.

Kabla hajahama, alituomba kitu kimoja tu: tupime.

Usiku huo tulichomoa kila kitu, friji ikiwemo. Tukawasha taa za sebuleni peke yake na kuangalia mita. Ilionyesha uniti 41.3. Baada ya saa moja ilikuwa 40.9. Yaani uniti 0.4 zilikuwa zimekwenda na hakuna aliyechemsha hata chai. Kisha tukazima taa, tukawasha laptopu yake kwa saa nzima. Mita haikufika hata uniti 0.1.

Hakuna aliyesema neno. Tulitazama juu tu.

Mwizi alikuwa juu ya vichwa vyetu

Sebule yetu ina zile taa za reli: chuma kirefu kimebanwa darini na spotilaiti ndogo zimening'inia humo, kila moja unaigeuza upande unaotaka. Ukizitazama unaona zinapendeza. Zetu ni reli mbili, kila reli ina spotilaiti nne, na ndani ya kila moja mlikuwa na balbu ya halojeni ya wati 50.

Sasa chukua simu upige hesabu nami. Balbu 8 mara wati 50 ni wati 400. Ukiziwasha kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku, hizo ni saa tano. Wati 400 kwa saa tano ni uniti 2. Kwa siku 30 ni uniti 60. Chukulia uniti moja inakugharimu Sh28 ukijumlisha kodi na tozo zote (angalia risiti yako upate bei yako kamili). Hapo umetumia Sh1,680 kwa mwezi kuangaza sebule moja.

Laptopu je? Ikila wati 60 kwa saa sita kila usiku, ni takriban uniti 11 kwa mwezi. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tukiitoza faini.

Kwa nini halojeni inakula hivyo? Ndani yake kuna waya mwembamba wa tangsteni unaochomwa na umeme mpaka unawaka. Sehemu kubwa ya umeme huo, karibu asilimia 90, inatoka kama joto, si mwanga. Kwa maneno mengine, unalipia jiko halafu unapewa taa kama nyongeza. Ndiyo maana ukisimama chini ya spotilaiti hizo unahisi utosi unapata moto.

LED haichomi waya. Umeme unapita kwenye kipande kidogo cha kemikali ngumu ambacho hutoa mwanga moja kwa moja. Rangi nyekundu ilipatikana mapema, miaka ya 1960, lakini bila buluu hapangekuwa na LED nyeupe ya kutumia nyumbani. Kazi hiyo iliwatoa jasho wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, na mwaka wa 2014 wakatuzwa Nobel ya Fizikia. Leo LED ya wati 5 inakupa mwanga unaokaribia ule wa halojeni ya wati 50.

Rudia hesabu: balbu 8 mara wati 5 ni wati 40. Kwa mwezi ni uniti 6, yaani Sh168. Umeokoa zaidi ya Sh1,500.

Na kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Nyumba inayotumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi huwekwa kwenye kundi la bei ya juu kuliko ile iliyo kati ya uniti 30 na 100. Sisi tulikuwa tunatumia kama 120. Tukiondoa uniti 54 tunabaki na 66. Kwa hivyo si kwamba unatumia kidogo tu, hata bei ya kila uniti inaweza kushuka.

Kosa letu la kwanza: pupa

Kesho yake nikakimbia mjini, nikanunua balbu nane za LED za Sh120 kila moja bila kuuliza swali hata moja. Nikazifunga jioni hiyo. Wacha nikwambie, sebule iligeuka duka la dawa! Mwanga mweupe kabisa wenye ubuluu, sukuma wiki inaonekana kama plastiki na sura zetu kama za wagonjwa. Wiki tatu baadaye, mbili zikafa.

Sh960 zikaenda hivyo. Wewe usipotee njia hiyo. Nunua balbu moja kwanza, iwashe siku mbili tatu, ukiridhika ndipo ununue zilizobaki. Na ukiwa dukani, soma boksi.

Angalia miguu. Zima taa, subiri ipoe, toa balbu moja uende nayo dukani. Ikiwa na miguu miwili mifupi na minene yenye vichwa, ambayo unaisukuma kisha unaizungusha, hiyo ni GU10, na inatumia umeme wa kawaida wa volti 240. Ikiwa na pini mbili nyembamba kama sindano ambazo unazichomeka tu, hiyo mara nyingi ni MR16 ya volti 12, nayo ina mambo yake, nitakueleza.

Angalia lumeni, si wati. Wati ni umeme unaoliwa, lumeni ni mwanga unaotoka. Kama unaondoa halojeni ya wati 50, tafuta LED yenye lumeni 350 au zaidi.

Angalia rangi. Imeandikwa kwa namba na herufi K. 2700K hadi 3000K ni mwanga wa manjano wenye joto, unaofanana na halojeni. Huo unafaa sebuleni na chumbani. 4000K unafaa jikoni na mezani pa kusomea. 6500K ndio ule wa duka la dawa.

Angalia CRI. Hii ni alama ya jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu. Isipungue 80. Kama unarekodi video za mapishi au vipodozi, tafuta 90.

Angalia upana wa mwanga. Nyuzi 36 au 38 zinakupa duara la mwanga ukutani kama halojeni ilivyofanya. Nyuzi 100 na zaidi zinatawanya mwanga chumba kizima.

Halafu fanya jaribio hili palepale dukani: mwombe muuzaji awashe balbu, uielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi ikitembea kwenye skrini, balbu hiyo inapepesa hata kama jicho lako halioni. Video zako zitaharibika, na kuna watu wanaoumwa kichwa kwa sababu hiyo. Hakikisha pia ina alama ya ubora ya KEBS.

Mara ya pili nilinunua za Sh300 kila moja, 3000K. Jumla Sh2,400. Kwa hesabu yetu ya juu, pesa hizo zinarudi kabla ya miezi miwili kuisha.

Taa za korido na mambo ya transfoma

Tulipofika korido tukakwama. Huko kuna spotilaiti tatu za pini nyembamba. Nikanunua MR16 za LED, nikachomeka. Zikaanza kupepesa kama disko matanga.

Shida haikuwa balbu. Taa za volti 12 zina transfoma iliyofichwa juu ya dari, kazi yake kushusha umeme kutoka volti 240. Zetu zimeandikwa 20-60W. Maana yake transfoma hiyo inataka mzigo usiopungua wati 20 ndiyo ifanye kazi sawasawa. Ilizoea halojeni ya wati 50. Ukiipa LED ya wati 5, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Una njia mbili. Ya kwanza, badilisha transfoma uweke ile iliyotengenezwa kwa LED za volti 12. Ya pili, ondoa transfoma kabisa na uweke holda za GU10 zinazopokea umeme moja kwa moja. Sisi tulichagua ya pili kwa sababu sasa nyumba nzima inatumia balbu za aina moja.

Lakini hapo usijifanye fundi. Kubadilisha balbu ni kazi yako, kugusa nyaya ni kazi ya fundi wa stima aliye na leseni ya EPRA. Balbu ya volti 12 ikipewa umeme wa volti 240 inaweza kulipuka. Tena fundi wetu alipofungua dari alikuta plastiki ya waya mmoja imekauka na kupasuka kwa joto la miaka mingi la halojeni. Tungeendelea hivyo, sijui tungekuwa tunazungumza nini leo.

Kama taa zako zina ile swichi ya kuzungusha ya kupunguza mwanga, mafundi huiita dima, jua kwamba nyingi za zamani zilitengenezewa mzigo mkubwa. Ukiweka LED inaweza kunguruma au kupepesa. Itabidi ununue balbu zinazokubali kupunguzwa mwanga, na huenda ukabadilisha dima yenyewe.

Na landilodi je?

Balbu ni zako, holda na nyaya ni za mwenye nyumba. Kwa hivyo usimwite fundi kimyakimya. Sisi tulimwandikia mzee wetu kwenye WhatsApp: "Habari ya asubuhi mzee. Taa za korido zina waya tunaogopa utaleta moto. Tunaomba ruhusa fundi azibadilishe." Akajibu: "Sawa wanangu, lakini msinitobolee dari." Tulipomtumia picha ya ule waya uliopasuka, yeye mwenyewe akalipa fundi.

Halojeni za zamani ambazo bado zinawaka, ziweke kwenye boksi. Siku ya kuhama unazirudisha na kuondoka na LED zako. Ni mali yako hiyo, na maisha yake si mchezo: LED nzuri huandikwa saa 15,000 na kuendelea, ilhali halojeni huwa kama saa 2,000. Tena usitegemee kupata halojeni kwa urahisi miaka ijayo. Umoja wa Ulaya ulianza kuzifungia soko spotilaiti za halojeni Septemba 2016, na balbu nyingine nyingi za halojeni zikafuata Septemba 2018.

Siku ya kubadilisha, zima swichi kuu, si ya ukutani peke yake. Subiri robo saa, maana kioo cha halojeni kinaweza kukubabua kidole. Panda kiti kisichoyumba, na awepo mtu wa kukishika.

Deni tulilolipa

Mwezi uliofuata mita ilitueleza ukweli wote. Tokeni zilizokuwa zikikaa siku nane au tisa zilipita wiki mbili. Laptopu ilikuwa bado inawaka kila usiku, palepale mezani.

Tulikaa chini watatu. Sh500 mara miezi minne ni Sh2,000. Tukamtumia kwa M-Pesa, kila mmoja Sh1,000, na tukamwomba radhi kwa mdomo, si kwa meseji. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba pesa hazikumuuma kama kule kuzimiwa redio kila alipoingia sebuleni.

Bedsita ya Rongai hakuichukua. Lakini ilibaki kidogo tu aondoke, na tungempoteza rafiki kwa sababu ya balbu nane.

Kwa hivyo leo jioni, kabla hujaandika lolote kwenye lile kundi la nyumba, chomoa vitu vyote. Washa kitu kimoja. Soma mita, subiri saa moja, soma tena. Halafu inua macho utazame darini.