Utangulizi: Muziki wa Kazi na wa Safari

Mwezi Juni 1778, mjini Paris, simfoni mpya ya Mozart ilishangiliwa ala zikiwa bado zinalia. Mtunzi alikuwa na umri wa miaka 22. Alimwandikia baba yake kwamba kwa furaha alikwenda Palais-Royal kula aiskrimu, kisha akasali rozari kama alivyoweka nadhiri. Nataja habari hii mapema kwa ajili ya msomaji mgeni anayesita mbele ya muziki wa klasiki wa Ulaya, akihofia kukohoa au kupiga makofi mahali pasipostahili. Ukimya ule wa ukumbini ulikuja kuzoeleka katika karne ya 19. Hadhira za wakati wa Mozart ziliongea, na ziliposikia kipande kilichozipendeza zilidai kirudiwe.

Taaluma hii ina milango mingi. Wengi huingilia kwenye nota na kanuni za utunzi. Mimi nakukaribisha kwa mlango wa maisha ya kila siku: kazi hii ilitungwa kwa shughuli gani, nani alilipa, na mtunzi alifikaje alikofika?

Chukua mfano wa Haydn. Mwaka 1761 aliajiriwa na ukoo wa Esterházy, akavaa sare kama watumishi wengine wa nyumba ile. Mwaka 1772 mtawala alikawia mno katika kasri lake la mashambani, Eszterháza, huku wake wa wanamuziki wengi wakiwa wameachwa Eisenstadt. Watu walichoka, wakataka kurudi kwao. Haydn akatunga simfoni namba 45. Katika sehemu ya mwisho, mpigaji mmoja baada ya mwingine humaliza zamu yake, huzima mshumaa wake na kuondoka, mpaka zinabaki fidla mbili tu. Inasimuliwa kwamba mtawala alielewa, na siku iliyofuata msafara ukajiandaa kurejea mjini. Lile lilikuwa ombi la ruhusa lililoandikwa kwa nota, na kwangu ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa za karne ile. Anayeichambua bila kuwajua wale wake wa Eisenstadt ataona mwisho wa ajabu tu.

Safari nazo zilifundisha. Mwaka 1705 Bach, kijana wa miaka 20, alitembea kwa miguu kutoka Arnstadt hadi Lübeck, takriban kilomita 400, ili amsikilize Buxtehude akipiga kinanda cha kanisa. Alipewa ruhusa ya wiki nne, akakaa miezi kadhaa, na aliporudi waajiri wake walimhoji. Baadaye, huko Leipzig, Jumapili alihudumu kanisani, na jioni nyingine aliongoza wanamuziki katika mkahawa wa Zimmermann. Alitunga hata kantata ya binti anayependa kahawa na baba anayemkataza asinywe.

Mozart yeye alisafirishwa na wazazi wake kwa gari la farasi kuanzia 1763 hadi 1766. London alikutana na Johann Christian Bach, mwana wa Bach yule wa Leipzig, ambaye mtindo wake ulimkaa moyoni. The Hague aliugua sana. Karibu theluthi ya maisha yake ilipita safarini.

Nawe huanzi mikono mitupu. Ukiwa umesikiliza taarabu ya Unguja, sauti ya fidla unaijua. Ukiwa mwanakwaya, huenda umeimba Haleluya ya Handel, iliyosikika hadharani kwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 1742, katika onyesho la kuchangia hospitali na wafungwa wa madeni. Waandaaji waliwaomba wanawake waje bila fremu za kutanua sketi, ili watu wengi zaidi wapate nafasi.

Kusoma nota si sharti la kufuata sura zinazokuja. Ninachokuomba ni kimoja: kabla ya kusoma sura yoyote, sikiliza kwanza kazi inayozungumziwa, walau mara mbili, kuanzia mwanzo hadi mwisho.