Bei ya Sifuri: Jimmy Carter na Mnyoo wa Guinea

Novemba 1980 Wamarekani walimnyima Jimmy Carter muhula wa pili, tena kwa kishindo: alipata kura 49 za wajumbe wa uchaguzi, Ronald Reagan akapata 489. Mfumuko wa bei mwaka huo ulipita asilimia 13. Wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani waliotekwa Tehran walikaa mateka siku 444, wakaachiwa siku ileile Carter alipokabidhi madaraka. Aliporudi kwao Plains, mji mdogo wa jimbo la Georgia, alikuta biashara ya karanga ya familia ina deni la takriban dola milioni 1. Alikuwa na miaka 56.

Waliomwandikia tanzia Desemba 2024, alipofariki akiwa na miaka 100, walizirudia takwimu hizo zote. Wengi waligusia pia, ila kwa haraka, kama pambo la mwisho, kazi iliyo kati ya namba mbili nyingine: milioni 3.5 na 15. Ya kwanza ni makadirio ya watu walioambukizwa mnyoo wa Guinea mwaka 1986, katika nchi 21 za Afrika na Asia. Ya pili ni idadi ya wagonjwa walioripotiwa dunia nzima mwaka 2024. Kwa maoni yangu urithi wa Carter uko katikati ya namba hizo mbili, na ukitaka kuuelewa itakubidi uulize swali ambalo wenye kusifia hawapendi kuliuliza: iligharimu kiasi gani, na kwa nini bado inagharimu?

Kwanza mnyoo wenyewe. Huingia kwa maji ya kunywa. Kwenye malambo na madimbwi kuna vijidudu vya majini ambavyo humeza mabuu ya mnyoo, na anayeteka na kunywa bila kuchuja huvimeza pamoja na mabuu yake. Kwa takriban mwaka mzima hahisi kitu. Kisha linatokea lengelenge, mara nyingi mguuni, linawaka moto, na mnyoo jike mwenye urefu unaoweza kufika mita 1 anaanza kutoka. Hakuna chanjo wala dawa. Huviringishwa kwenye kijiti au kipande cha bendeji, sentimita chache kila siku, kwa wiki kadhaa. Mgonjwa akitumbukiza mguu majini ili apate nafuu, mnyoo humwaga mabuu kwa mamia ya maelfu, na wanakijiji watakaoteka hapo wanajiandalia ugonjwa wa mwakani. Aliyekwisha kuugua hapati kinga yoyote.

Ugonjwa huu huua kwa nadra. Hasara yake iko shambani, kwa sababu wagonjwa wengi hulala chini msimu wa kupanda au wa kuvuna. Mwaka 1987 UNICEF ilifanya hesabu katika eneo la wakulima wa mpunga kusini-mashariki mwa Nigeria lenye watu wapatao milioni 1.6, ikaona kwamba mnyoo huu unawapotezea wakulima kiasi cha dola milioni 20 kwa mwaka. Gawanya: ni dola 12 na senti 50 kwa kila kichwa, watoto wachanga wakiwemo, katika vijiji ambavyo fedha taslimu yenyewe ilionekana kwa msimu. Hoja ya aina hii mkulima wa karanga aliielewa bila kufafanuliwa.

Wazo la kuutokomeza halikuwa la Carter. Lilitoka kwa madaktari waliokuwa wameshiriki vita dhidi ya ndui, hasa Donald Hopkins, aliyefanya kazi hiyo Sierra Leone. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, mwaka wa kwanza wa urais wa Carter. Yeye alikuwa na kitu ambacho madaktari hawakuwa nacho: simu yake ilipokelewa na marais wenzake. Kituo cha Carter, alichokianzisha na mkewe Rosalynn mjini Atlanta mwaka 1982, kilianza kuongoza kampeni mwaka 1986.

Fedha za mwanzo zilitoka kwa watu wa kila namna. Agha Hasan Abedi, mwanzilishi wa benki ya BCCI, alitoa mamilioni ya dola kwa kazi za kituo hicho. Mwaka 1991 benki hiyo ikafungwa kwa kashfa ya udanganyifu iliyotikisa mabara kadhaa, na Carter akabaki akijibu maswali. Sheikh Zayed wa Falme za Kiarabu alitoa zaidi ya dola milioni 5 mwaka 1990, na familia yake imeendelea kuchangia tangu hapo. Kampuni ya DuPont ilitoa kitambaa cha kuchujia maji, American Cyanamid ikatoa dawa ya kuua vijidudu kwenye malambo. Sehemu kubwa ya vifaa, kwa hiyo, haikununuliwa. Kilicholipiwa zaidi ni watu: wa kuzunguka vijijini, kufundisha, kuhesabu wagonjwa na kurudi tena baada ya wiki.

Mwaka 1997 wachambuzi wa Benki ya Dunia walipiga hesabu ya kampeni nzima kuanzia 1987 hadi 1998. Gharama yote waliiweka kwenye dola milioni 87 na ushei. Kwa kila mtu aliyeepushwa na ugonjwa, ilikuwa dola 5 hadi 8. Wakichukulia kwamba mgonjwa wa kawaida hukaa wiki 5 bila kufanya kazi, faida ya kiuchumi ilifika asilimia 29 kwa mwaka. Ukiweka namba hii kando ya ile ya Nigeria, utaona kwamba hasara ya lile eneo moja la mpunga kwa miaka minne na nusu ingelipia kampeni ya dunia nzima kwa miaka 12. Katika misaada ya kimataifa sijui miradi mingi yenye hesabu safi namna hiyo.

Matokeo yalilingana na hesabu. Pakistan ilipata mgonjwa wake wa mwisho mwaka 1993, India mwaka 1996. Huku kwetu Kenya wa mwisho wa maambukizi ya ndani alikuwa wa mwaka 1994. Uganda ndiyo mfano ninaoupenda zaidi: sensa ya mwaka 1991 na 1992 ilikuta wagonjwa 126,369, idadi iliyoiweka miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaithibitisha kuwa haina tena ugonjwa huo. Hakukuwa na sindano hata moja katika safari hiyo; kulikuwa na vitambaa, visima, na wahudumu wa vijiji waliokagua miguu ya majirani zao.

Lengo la awali lilikuwa kumaliza kila kitu ifikapo 1995. Likasogezwa hadi 2009, kisha 2015, kisha 2020, na sasa ni 2030. Hapa ndipo hesabu inapogeuka.

Sababu ya kwanza ilikuwa vita. Sudan ilikuwa na wagonjwa wengi, na wengi wao walikuwa upande wa kusini ambako risasi zilizuia wahudumu kufika. Mwaka 1995 Carter aliziomba serikali ya Khartoum na wapiganaji wa kusini wasimamishe mapigano ili watu wa afya wapite. Walikubali, na utulivu ukadumu karibu miezi 6. Vitambaa viligawiwa, watoto wakachanjwa magonjwa mengine. Kisha vita vikarudi hadi mkataba wa amani wa 2005. Mwaka 2006, programu ilipoanza rasmi kusini, ilihesabu wagonjwa 20,581. Hiyo ndiyo ankara ya miaka kumi ya vita, kwa ugonjwa mmoja tu.

Sababu ya pili ni hisabati ya kutokomeza yenyewe. Mwaka 2011 dunia nzima ilikuwa na wagonjwa 1,058. Mwaka huohuo Uingereza iliahidi pauni milioni 20, kwa sharti kwamba wengine wajaze sehemu iliyobaki ya pauni milioni 60 zilizohitajika kumaliza kazi. Ukigawa milioni 60 kwa wagonjwa wa mwaka huo, unapata zaidi ya pauni 56,000 kwa kila mmoja, wakati miaka ya tisini bei ilikuwa chini ya dola 10. Mhasibu yeyote angepiga kelele.

Mgawanyo huo ni haki kuufanya, lakini si haki kuumalizia hapo. Fedha hizo zilikuwa za miaka kadhaa, na hazikuwa za kumtibu mgonjwa. Zilikuwa za kuwalipa watu wanaopita katika maelfu ya vijiji wasikokuta mgonjwa, kufuatilia kila uvumi wa lengelenge, na kumshawishi mzee asiyeamini kwamba dimbwi la babu yake lina tatizo. Kijiji kisicho na mgonjwa kinahitaji macho yaleyale kama chenye wagonjwa 50. Kwa hiyo idadi ya wagonjwa inaposhuka gharama haishuki nayo. Ndiyo maana wafadhili wengi hupenda kuingia mwanzoni na kuaga katikati: kwao asilimia 99 inatosha kwa ripoti ya mwaka.

Na ukiaga? Chad inatoa jibu. Ilikaa takriban miaka kumi bila kuripoti mgonjwa hata mmoja. Mwaka 2010 wakagunduliwa 10. Mnyoo haukuwa umeondoka. Waliokuwa wameondoka ni wanaoutafuta. Kisha, kuanzia 2012, likajitokeza jambo ambalo hakuna aliyelipangia bajeti: mbwa. Minyoo ileile ilikuwa ikitoka miguuni mwa mbwa wa vijiji vya kando ya mto Chari, na mwaka 2019 mbwa walioambukizwa nchini humo walikaribia 2,000, wakati wagonjwa wa kibinadamu duniani kote walikuwa 54. Ndui haikuwa na mnyama wa kujifichia. Huu unao, na mbwa hafundishwi kuchuja maji. Sasa serikali na Kituo cha Carter wanawalipa wenye mbwa zawadi kwa kuwatolea taarifa na kuwafunga kamba hadi mnyoo utoke, na wavuvi wanahimizwa kuzika matumbo ya samaki. Idadi ya mbwa imeshuka sana tangu hapo. Bado hawajaisha.

Tukirudi kwa Carter mwenyewe, matumizi yake binafsi yanachekesha ukiyaweka kando ya mamilioni haya. Marais wastaafu wa Marekani hulipiwa pensheni, ofisi na wasaidizi kwa sheria ya mwaka 1958. Mwaka 2018 Carter alipangiwa takriban dola 456,000, chini ya mstaafu mwingine yeyote. Watatu kati ya wenzake walipita milioni 1 kila mmoja. Aliishi katika nyumba aliyoijenga mwaka 1961. Hili halimfanyi mtakatifu, na urais wake una mengi ya kulaumiwa, lakini wafadhili walijua hawalipii anasa ya mtu.

Mwaka 2015, alipotangaza kwamba ana saratani, Carter alisema angependa mnyoo wa mwisho ufe kabla yake. Mwaka ule wagonjwa walikuwa 22. Walipanda hadi 54 mwaka 2019, wakashuka hadi 13 mwaka 2022, wakawa 14 mwaka uliofuata, na 15 mwaka aliofariki: 9 Chad na 6 Sudan Kusini. Alikosa alichokitaka kwa watu 15. Kituo chake kinakadiria kwamba katika miaka hiyo watu wasiopungua milioni 100 waliepushwa na ugonjwa. Ni makadirio ya mwenye kazi yake, yapokee kwa tahadhari. Hata ukiyapunguza nusu, ni zaidi ya mara 14 ya wagonjwa wote wa mwaka 1986.

WHO imekwisha kuzithibitisha nchi na maeneo 200, ikiwemo Kenya mwaka 2018 na Kongo, Kinshasa, mwaka 2022. Zimebaki 6: Angola, Chad, Ethiopia, Mali, Sudan na Sudan Kusini. Nchi haipewi cheti siku mgonjwa wa mwisho anapopona. Inapaswa kukaa miaka 3 mfululizo bila maambukizi ya ndani, na muda wote huo wahudumu waendelee kupita nyumba kwa nyumba, posho zao zikilipwa, na kila uvumi ukichunguzwa. Hata kama mnyoo wa mwisho ungetoka leo jioni, ankara ya miaka hiyo 3 bado ingehitaji mlipaji.